Nyimbo za kanisani na Bach kwenye chaneli moja: jibu kwa binti wa Moshi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 16, nasoma kidato cha tatu hapa Moshi. Nimejifunza piano miaka sita, sasa niko gredi ya tano, na Jumapili napiga kinanda ibada ya pili usharikani kwetu. Tangu Januari kaka yangu ananirekodi kwa simu na tunaweka video mtandaoni: mara Bach, mara Chopin, mara nyimbo za Tenzi. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia nyimbo za Mungu zisichanganywe na muziki wa tamasha. Wenzangu shuleni nao wanasema niache nyimbo za kanisa kwa sababu zinanifanya nionekane wa kizamani. Halafu wiki iliyopita video yangu ya Bach imezimwa sauti, wameandika kwamba ina mwenyewe. Bach si alikufa zamani? Je, nifungue chaneli mbili? Na nifanyeje ili rekodi zisikike vizuri? Kinanda cha nyumbani ni cha funguo 61.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshakaa kwenye piano. Usifungue chaneli mbili. Nyimbo za kanisani na vipande vya klasiki unavyojifunza vimelelewa nyumba moja, na msikilizaji atavielewa vizuri zaidi akivisikia vikiwa pamoja.

Nianze na mzee wako. Hofu yake naielewa, kwa sababu amewahi kuona watoto wakigeuza wimbo wa sala kuwa mbwembwe. Siku ukipata nafasi ya kuzungumza naye kwa heshima, mweleze Bach alikuwa nani. Watu wengi wanadhani alikuwa mtu wa kumbi za matajiri. Mwaka 1723 aliajiriwa mjini Leipzig, Ujerumani, kuwa kantori, yaani msimamizi wa muziki, wa kanisa la Mtakatifu Thomas, na alibaki kwenye kazi hiyo mpaka kufa mwaka 1750. Alifundisha wavulana kuimba, aliandaa muziki wa Jumapili, na miaka ya mwanzo alikuwa akitunga kantata mpya (kazi ya kwaya na ala kwa ajili ya ibada) karibu kila wiki. Maisha yake yalifanana na yako kuliko unavyofikiri: Jumapili inabisha hodi, kwaya haijaiva, na waumini wanasubiri.

Sasa, wewe uko Moshi. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na Misheni ya Leipzig, mji uleule. Nyimbo walizokuja nazo, zile za sauti nne ambazo babu na bibi zako walizikuta na vijana wa tarumbeta bado wanazipuliza sharikani, nyingi ni zile zile Bach alizokuwa akizipanga upya kila juma. Baada ya kifo chake, kati ya 1784 na 1787, mwanawe Carl Philipp Emanuel alihusika katika kutoa mkusanyiko wa korali zake 371, yaani nyimbo za kanisa alizozipanga kwa sauti nne, na mpaka leo wanafunzi wa muziki duniani kote wanajifunza kupanga sauti kwa kuzisoma. Kwa hiyo ukipiga korali ya Bach halafu ukapiga wimbo kutoka kitabu cha usharika, unamrudishia mzee wako kitu cha nyumbani kwake.

Kuna mfano mmoja ambao napenda kuwapa wanafunzi. Ule wimbo wa Ijumaa Kuu unaohusu kichwa kilichovikwa taji la miiba, ambao maneno yake ya Kijerumani ni ya Paul Gerhardt, ya mwaka 1656, una sauti iliyotungwa na Hans Leo Hassler na kuchapishwa mwaka 1601. Wakati huo ulikuwa wimbo wa mapenzi, wa kijana aliyechanganyikiwa kwa ajili ya binti. Kanisa liliupokea, likauvika maneno mengine, na Bach akauweka mara tano katika kazi yake iitwayo Mateso ya Mathayo, mara nyingi kwa kodi tofauti (kodi ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja). Sauti ya juu ni ile ile, lakini besi na sauti za kati zinabadilika, na huzuni yake inabadilika pamoja nazo. Kama ungetafuta zoezi moja la mwaka mzima, ningekupa hilo: tafuta mipangilio hiyo mitano, ipige mmoja mmoja, usikilize besi.

Wenzako wa shuleni nao wajibiwe, ila kwa vidole. Ulichowapa mpaka sasa, nadhani, ni wimbo wa kanisa uliopigwa kama unavyopigwa kwenye ibada, yaani kwa ajili ya watu wanaoimba. Mtu anayesikiliza peke yake kwenye simu haimbi. Anahitaji upige kwa namna nyingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wapigaji wengi wazuri wanapopotelea.

Kwanza yajue maneno ya beti zote, hata kama huimbi. Ukijua kwamba mstari wa pili unaendelea mpaka wa tatu bila kituo, mkono wako hautapumua mahali pasipofaa. Piga huku ukiimba kimoyomoyo, na pale ambapo ungevuta pumzi, inua mkono kidogo sana. Nimewasikiliza wapiga kinanda kwa zaidi ya miaka 30, na anayejua maneno namtambua kabla hajamaliza ubeti wa kwanza.

Pili, sauti nne (soprano, alto, tena na besi) zisilingane nguvu. Kwenye kwaya soprano inasikika kwa sababu iko juu na ina watu wengi, lakini kwenye piano vidole vyako vyote vina uzito unaokaribiana, na matokeo yake ni ukuta wa kodi. Elekeza uzito wa mkono wa kulia kwenye kidole cha tano, kile kidogo, na ulegeze kidole gumba. Fanya zoezi hili: piga soprano kwa nguvu ya wastani na alto kwa kunong'ona, mkono huo huo, mpaka uweze. Itakuchukua wiki mbili za kuchosha, na baada ya hapo nyimbo zako zote zitabadilika. Pia kuna mahali ambapo sauti ya tena na besi zinaachana mbali, mkono wa kushoto haufiki. Usiruke wala usivunje kodi. Mpe gumba la kulia ile nota ya sauti ya tena.

Tatu, nota zinazorudiwa. Nyimbo za kanisani zimejaa kodi ile ile inayopigwa mara tatu au nne mfululizo kwa sababu maneno yana silabi nyingi. Ukiwa ibadani rudia zote, watu wanahitaji mdundo. Ukirekodi peke yako, shikilia sauti za alto na tena, urudie soprano tu, na besi uirudie pale penye mkazo. Ghafla wimbo unaacha kugongagonga na unaanza kutiririka.

Nne, pedali. Wengi wanaikanyaga pamoja na kodi, na kodi ya zamani inabaki imechanganyika na mpya. Piga kodi mpya, inua mguu wakati huo huo, halafu kanyaga tena baada ya vidole kushuka. Mguu unafuata mkono kwa nyuma kidogo. Kwenye nyimbo za kanisani kodi hubadilika karibu kila pigo, kwa hiyo mguu wako una kazi kubwa kuliko kwenye Chopin.

Na usipige beti nne zinazofanana. Ubeti wa kwanza upige kama ulivyoandikwa. Wa pili, acha besi na soprano peke yake, sauti mbili tu, utaona jinsi masikio yanavyoamka. Wa tatu, ipeleke sauti ya wimbo kwenye nafasi ya tena kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ufanye kodi laini juu yake. Wa mwisho ndipo uongeze besi ya oktava, yaani nota ile ile ya juu na ya chini pamoja. Hizo ndizo mbinu walizotumia watunzi wenyewe. Robert Schumann, mwaka 1848, aliandika albamu ya vijana, Opus 68 (yaani kazi yake namba 68), yenye vipande 43. Cha nne ni korali ya kawaida, sauti nne, mtoto anaweza kuipiga. Cha 42 ni korali hiyo hiyo, sasa imezungukwa na nota zinazotembea. Aliuliza swali unaloniuliza wewe, akalijibu ndani ya kitabu kimoja. Virekodi vyote viwili, uviweke kwenye video moja, halafu ufanye hivyo hivyo kwa wimbo mmoja wa Tenzi kwa mpangilio wako mwenyewe. Wenzako wakiusikia huo hawatasema habari za ukale.

Nimekuona umetaja Chopin bila kusema kipande gani. Kuna prelidi yake moja (kipande kifupi cha piano), namba 20 ya Opus 28, iliyochapishwa mwaka 1839. Ina vipimo 13 tu, kodi nzito zinazotembea taratibu kama watu wanaosindikiza jeneza. Iko kwenye C mainari, yenye flati tatu. Wimbo wa "Kaa nami", ambao sauti yake ni ya William Henry Monk, ya mwaka 1861, kwa kawaida huandikwa kwenye E flati, nayo ina flati tatu zile zile. Maliza Chopin kwa kunong'ona, acha sauti ife kabisa, hesabu nne, kisha anza "Kaa nami". Mtu asiyejua chochote kuhusu kii, yaani nota ya nyumbani ambayo wimbo umejengwa juu yake, atahisi kwamba mlango umefunguliwa. Kuoanisha huku ndiko ninakotaka ukufanye badala ya kutenganisha: kipande kimoja cha klasiki, wimbo mmoja, vimefungwa na kii, au na mwendo, au na historia.

Hapa nina ombi. Usiwaache wasikilizaji wako wadhani kwamba muziki huu unatembea njia moja, kutoka Ulaya kuja kwetu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia pale Makumira, aliandika maneno ya "Mfurahini, haleluya" kwa sauti ya kienyeji. Miaka michache baadaye wimbo huo uliwekwa maneno ya Kijerumani, na leo uko kwenye kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani. Wajukuu wa waliotuletea korali wanaimba Pasaka kwa wimbo wetu. Kwenye piano unahitaji mkono wa kushoto mwepesi, unaocheza, usiupige kama korali ya Kijerumani. Ukiupiga hivyo unauua.

Wimbo wetu wa taifa nao una asili hiyo. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, aliutunga kama wimbo wa sala mwaka 1897, na alizoea kuandika nyimbo zake kwa solfa, yaani do-re-mi. Na ukifika gredi ya saba au ya nane, tafuta vipande 24 vya Samuel Coleridge-Taylor, Opus 59, vya mwaka 1905. Alizaliwa London mwaka 1875, baba yake daktari kutoka Sierra Leone. Katika vipande hivyo alichukua nyimbo za Waafrika na za Wamarekani weusi, baadhi zikitoka kusini mashariki mwa Afrika, akazifanyia kazi ya piano kwa heshima kubwa. Ni vigumu, lakini vinakungoja.

Nimetaja solfa, nami najua kwaya yako pengine inaisoma. Usiionee haya. Mtu aliyekulia kwenye do-re-mi inayohama anasikia kazi ya kila nota ndani ya kii: anajua ti inataka kwenda do kabla hajaambiwa. Wanafunzi wa nota tupu mara nyingi hawana sikio hilo. Ulichobakiza ni kulihamishia kwenye funguo. Chukua wimbo mmoja ulioandikwa kwa solfa, uupige kwenye G, kesho kwenye F, keshokutwa kwenye A flati. Ndani ya miezi michache utaweza kushusha wimbo wowote pale waumini wanapochoka asubuhi, na hiyo ni huduma ambayo hakuna mtihani wa gredi unaoipima.

Sasa Bach wako aliyezimwa sauti. Umeuliza vizuri: alikufa mwaka 1750, na muziki wake hauna mwenyewe. Kilichotokea ni kwamba mitandao mikubwa ina mfumo unaolinganisha sauti. Makampuni yanaingiza rekodi zao, mfumo unatengeneza alama ya kila rekodi, halafu kila video mpya inapimwa dhidi ya alama hizo. Wewe umepiga nota zile zile, kwa mwendo unaokaribiana na wa mpiga piano fulani aliyerekodiwa, na mashine ikadhani umechukua rekodi yake. Haijui tofauti ya mtunzi na mpigaji. Mwaka 2018 jambo hili lilimpata James Rhodes, mpiga piano mashuhuri wa Uingereza: aliweka Facebook kipande kifupi cha Bach alichokipiga mwenyewe nyumbani kwake, mfumo ukadai sekunde 47 za sauti ile ni za kampuni ya rekodi. Pingamizi lake la kwanza lilikataliwa, na dai likaondolewa baada ya yeye kulisema hadharani. Kwa hiyo usijione mkosaji.

Weka pingamizi. Kwenye ukurasa wa dai kuna mahali pa kufanya hivyo. Andika kwa maneno machache: kipande ni cha nani, alikufa mwaka gani, umekipiga wewe, amekurekodi kaka yako tarehe fulani, hakuna sauti ya rekodi nyingine ndani. Tunza faili la asili kwenye simu au flashi, usilifute baada ya kupakia. Na kwa kuwa una miaka 16, mzazi akae nawe mnapojaza, kwa sababu pingamizi ni tamko la kisheria.

Lakini kabla ya kuliweka, hakikisha kweli ni Bach mtupu. Hapa ndipo vijana wanapokosea bila kujua. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, haki za mtunzi zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kenya nao ni 50. Nchi nyingi za Ulaya ni 70. Na mpangaji ana haki zake, mbali na mtunzi. Mfano mzuri ni ile korali maarufu kutoka kantata namba 147 ya Bach, yenye nota zinazozunguka kama mashada. Mpangilio wa piano ambao karibu kila mtu anaupiga ni wa Myra Hess, Mwingereza, uliochapishwa mwaka 1926. Hess alikufa mwaka 1965. Hapa kwetu miaka 50 ilikwisha mwishoni mwa 2015. Uingereza mpangilio huo unalindwa mpaka mwisho wa 2035. Video yako inaonekana kote, kwa hiyo dai kutoka huko linaweza kuwa la haki kabisa. Ukitaka kuwa salama, panga mwenyewe kutoka kwenye nota za Bach.

Kwa nyimbo za kanisani fuata kanuni hiyo hiyo. "Kaa nami" haina tatizo, Monk alikufa mwaka 1889. "Yesu kwetu ni rafiki" haina tatizo, sauti yake ni ya Charles Converse, ya mwaka 1868, naye alikufa mwaka 1918. Lakini "Bwana Mungu nashangaa kabisa" inahitaji uangalifu: shairi la asili ni la Carl Boberg wa Uswidi, mwaka 1885, na sauti ni ya kienyeji ya huko, ila maneno ya Kiingereza na mpangilio unaojulikana ni wa Stuart Hine, aliyekufa mwaka 1989. Hesabu mwenyewe miaka 50. Nyimbo za watunzi wetu walio hai, zile za kwaya mnazozipenda, zina wenyewe, na wenyewe wako jirani. Mwandikie mtunzi, mwombe, mtaje jina. Wengi hufurahi. Ukikwama, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ndiyo mahali pa kuuliza. Maneno ya Kiswahili nayo ni kazi ya mfasiri. Ukipiga piano peke yake hayakuhusu, ila ukiyaandika kwenye video yanakuhusu.

Nota za bure na za halali utazipata kwenye maktaba ya mtandaoni iitwayo IMSLP, iliyoanzishwa mwaka 2006. Soma pale mwaka wa toleo: toleo la zamani pakua, toleo jipya lenye kazi ya mhariri wa leo liache. Kupiga Bach kutoka kitabu kipya ni sawa. Kupiga picha kurasa zake na kuzisambaza ni jambo jingine.

Kuhusu funguo 61, usilalamike mpaka ujue kinanda chako kinaweza nini. Kile kitabu cha kwanza cha Bach cha prelidi na fyuga (fyuga ni kipande ambamo sauti zinafuatana kwa wimbo mmoja), cha mwaka 1722, chote kinakaa ndani ya oktava nne, nawe una tano. Prelidi ya C mejari inaenea pale bila kukosa hata nota moja. Mozart ndiye mwenye mtego: piano ya wakati wake ilikuwa na funguo 61 kama yako, ila ilianzia F ya chini, yako inaanzia C iliyo juu yake, kwa hiyo nota chache za besi utazikosa na utabaki na nyingine juu usizozihitaji. Chopin namba 20 haitoshi kabisa, besi inashuka chini ya funguo zako. Hiyo karekodi kwenye piano ya kanisani au ya shule, omba ruhusa siku ya katikati ya juma. Kinachonisumbua kwenye vinanda vya namna yako ni wepesi wa funguo. Hakikisha umewasha sehemu inayofanya sauti ifuate nguvu ya kidole, na ukiwa na fedha kidogo nunua pedali kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo jozi yako ya kwanza ya nyumbani iwe prelidi ya C, halafu "Yesu kwetu ni rafiki" kwenye F. C ni nota ya tano ya F, kodi ya mwisho ya Bach itauita wimbo wenyewe.

Kurekodi: simu inatosha, ukizijua tabia zake. Tabia mbaya kuliko zote ni kwamba simu hupandisha sauti ndogo na kushusha kubwa yenyewe. Unapiga Chopin kutoka kishindo hadi mnong'ono, simu inakuletea vyote sawa, na kazi yako yote imepotea. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo, kisha piga kwanza sehemu yenye nguvu kuliko zote na upange kiwango kwa hiyo. Kama kinanda chako kina tundu la flashi na uwezo wa kujirekodi, tumia huo kwa sauti na simu kwa picha, kaka yako apige kofi moja mwanzoni ili muoanishe baadaye. Kwenye piano ya kweli, fungua mfuniko, weka simu hatua mbili hivi kutoka kwenye piano, kamwe isiwe juu ya piano yenyewe kwa sababu mtetemo unaingia. Pazia, zulia, godoro lililosimamishwa ukutani, vyote vinasaidia chumba chenye mwangwi. Na huko kwenu mvua ikinyesha juu ya bati hakuna maikrofoni itakayokuokoa; rekodi alfajiri, kabla ya pikipiki, ukiwa umeweka simu isiyopokea wito.

Usikate na kuunga. Piga mara tatu mfululizo, lala, kesho yake sikiliza na uchague moja, hata kama ina nota moja iliyoteleza. Jozi moja kila wiki mbili inatosha kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, na mitihani ikikaribia simamisha bila kuomba radhi.

Jambo la mwisho ni lako na wazazi wako. Kamera itazame mikono na funguo, kutoka upande wa kulia kwa juu kidogo. Sare ya shule isionekane, jina la usharika lisiandikwe, wala saa unazokuwa peke yako kanisani ukifanya mazoezi. Anayekuandikia faraghani akitaka mkutane kwa habari za muziki, barua yake aisome mama kwanza. Maoni ya kejeli ayafute kaka yako kabla hujayaona. Lakini yule mzee wa kanisa mpelekee video ya korali ya Bach na wimbo wa Ijumaa Kuu wewe mwenyewe, kwa mkono, akiwa amekaa, na umweleze habari za Leipzig na Machame kabla hujabonyeza.